Ngazi Iliyokuwa Nyeusi

Kule karakana walimwita Chekeche, kwa sababu punje ya vumbi haikupita mbele ya macho yake ikasalimika. Kazi yake ilikuwa kusafisha filamu za zamani. Alichukua mkanda uliooza kabatini ukiliwa na ukungu, akaupitisha kwenye mashine ya kuugeuza uwe picha za kompyuta, kisha akakaa mbele ya kioo akifuta fremu baada ya fremu: unywele huu, mkwaruzo ule, alama ya kidole cha mtu aliyezikwa zamani. Asubuhi ile diski zilipofika kutoka kiwandani, hata Mpima Mwanga, mwenzake wa kurekebisha mwanga wa picha, mtu asiyesifu kitu asichokitengeneza mwenyewe, alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuishika moja.

"Mgeni wa Ghorofa ya Juu," alisoma. Akageuza jalada. "Sasa utaona kilichokuwa gizani. Haya maneno ni yako. Yananuka shule."

"Yananuka mauzo. Soma tena taratibu, usije ukajiumiza."

"Mimi nimeumia tangu nilipokutana na wewe."

Wakacheka, lakini Mpima Mwanga aliacha kucheka mapema kuliko kawaida yake. Alikuwa ameliweka jalada karibu na dirisha na kulitazama kama mtu anayekagua noti.

"Bado nasema tungemuuliza mtu," alisema.

"Tumuulize nani? Babu yangu kafa. Na mimi ndiye damu yake."

Ilikuwa filamu ya weusi na weupe, ya mvua na kofia na sigara, ambayo wazazi wa kila mtu waliiona sinema wakiwa wachumba. Mwanamke mzuri anapangisha vyumba. Mpangaji mmoja anaijua siri yake. Na siku moja mpangaji huyo anaporomoka ngazi na kufa. Lakini kuporomoka kwenyewe hakuna aliyekuona. Kioo kilikuwa cheusi kama tako la sufuria. Ulisikia ukelele, ukasikia vishindo, kisha kofia ikabingirika hadi kwenye duara dogo la mwanga pale chini, ikalala. Nani alikuwa juu? Watu walibishana mpaka wakazeeka. Na mpigapicha aliyewanyima jibu alikuwa babu yake Chekeche, aliyekufa akiitwa Baba Kiza, jina la heshima, kwa sababu ya ngazi ile moja.

Chekeche alipoufungua mkanda wa asili, ule uliotoka ndani ya kamera yenyewe, alikuta kiza hakimo. Kiza kilitiwa baadaye, maabara, wakati wa kuchapa. Ndani ya mkanda kila kitu kilikuwepo: maua ya karatasi za ukutani, mbao za kushikia, zulia lililochanika kwenye kidato cha juu. Chuoni walifundishwa kwamba kiza kilichopita kiasi ni kosa la maabara mpaka mtu athibitishe vingine. Akaona uchungu. Kumbe Babu aliwasha taa zake vizuri kabisa, na wavivu wachache wakamharibia. "Fungua mwanga," akamwambia Mpima Mwanga, na Mpima Mwanga akafungua.

Pale juu akatokea mwanamke. Alikuwa bibi yake Chekeche, nyota wa filamu ile, kijana, amevaa koti jeupe. Mwanaume anayumba, ananyosha mkono kwake. Naye anaurudisha mkono wake nyuma, kidogo tu, kama mtu aliyegusa bakuli la moto. Basi. Chekeche nusura apige vigelegele. Hilo ndilo lililokuwa jibu la ubishi, na hiyo ndiyo iliyokuwa sanaa: mwendo mmoja mdogo wa mkono, wa kuwaaibisha waigizaji wa siku hizi wanaolia mpaka makamasi. Akaandika yale maneno ya kwenye jalada siku hiyohiyo.

Jambo moja hakuliona. Anayesafisha filamu haitazami filamu, anatazama uchafu. Anaweza kushinda na uso wa mtu na asijue mtu huyo analia au anacheka, maana macho yake yako kwenye unywele uliolala juu ya shavu.

Malori yaliondoka na makasha kabla ya saa sita. Chekeche akaomba ruhusa, akatia diski moja kwenye mkoba, akaenda nyumbani.

Bibi alikuwa mlangoni, akishona foronya. Mlango wa nyumba ile haukufungwa mchana.

"Mke mwenzangu," Bibi alisema bila kuinua kichwa, "leo umerudi na jua. Wamekufukuza?"

"Nimemleta mume wetu." Chekeche akampa diski. "Nimemwogesha, nimemkata kucha."

Bibi akatabasamu, akaisogeza mbali na macho ili asome. Tabasamu likabaki mdomoni baada ya kuondoka machoni.

"Kilichokuwa gizani," alisema. "Gizani wapi?"

"Ngazini. Bibi, mkanda una kila kitu. Wale wa maabara walimharibia Babu kazi. Sasa unaonekana umesimama pale juu kama malkia."

Bibi akaichoma sindano kwenye foronya taratibu, akaikunja, akaipapasa kama mtu anayemlaza mtoto.

"Nani amekwambia walimharibia?"

"Inaonekana tu."

"Inaonekana," Bibi alirudia. Kisha akauliza, "Zimetoka nyingi?"

"Malori yameshaondoka. Kesho kila duka."

Bibi akaitazama njia, juu na chini, na njia ilikuwa tupu. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, lakini si kwa sauti ya methali. Alisema kama mtu anayeiona sakafu yake mwenyewe ikilowa. "Leo tusiiwashe. Kichwa kinanigonga."

"Nimeshamwalika Bi Shoga. Nimempigia simu nikiwa njiani."

Bi Shoga alikaa nyumba ya pili. Yeye na Bibi walikuwa wameitana shoga miaka mingi hata mtaa ukalichukua ukadhani ndilo jina lake. Alikuwa dada wa yule mwigizaji aliyecheza mpangaji, ambaye alikufa filamu ikiwa bado inapigwa. Kisa hicho Chekeche alikijua kama anavyojua njia ya kisimani. Bi Shoga alimpelekea kaka yake viatu vipya, vya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, soli ngumu ya ngozi. Alimkabidhi getini saa ya chakula. Kaka akavivaa palepale, akasema, nenda dada, mimi ninakwenda kuvijaribu ngazini. Wenzake wote walikuwa wanakula. Bi Shoga hakuwa amefika barabarani aliposikia kelele nyuma yake.

"Viatu vyangu ndivyo vilivyomuua." Ndivyo kisa kilivyoisha kila mara. Watoto wake hakuwahi kuwanunulia viatu, kazi hiyo alimwachia baba yao. Mjukuu akija kumwonyesha jozi mpya, alikigeuza kiatu juu chini, akalipitisha dole gumba kwenye soli. Na Bibi, kila mara, alimshika bega akasema, "Mungu amlaze pema, shoga." Hakuwahi kuongeza neno. Kuanguka kule kwa kwenye filamu, wote waliambiwa, kulipigwa asubuhi yake kama jaribio: vidato vichache, na godoro chini.

Bi Shoga aliingia bila kubisha, kama siku zote, na mto wake wa kukalia kwapani.

"Yuko wapi kaka yangu? Nasikia mmemwosha."

"Ameoshwa akatakata," Chekeche alisema. "Kaa mbele, wewe ndiye mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi na anajibebea mto. Nyumba hii ina ubahili wa kurithi." Akakaa. "Shoga, mbona umesimama kama unadaiwa kodi? Njoo ujione ulipokuwa na kiuno."

"Naweka chai," Bibi alisema, akaingia jikoni.

Chekeche akashusha mapazia, akaitia diski kwenye deki. Muziki ukaanza, mvua ikanyesha kwenye kioo, nyembamba na kali, kila tone lake. Kaka mtu akatokea akivua kofia, na Bi Shoga akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ana kovu kidevuni," alisema polepole. "Nilikuwa nimelisahau. Ni mimi nilimpiga na upawa, alinilia nyama yangu." Akakigusa kioo pale penye kidevu. "Kwenye kaseti hakuwa na kovu. Kwenye kaseti alikuwa kama yuko ndani ya chai. Mke mwenzangu, Mungu akupe macho hayo mpaka uzeeke."

Chekeche akavimba kichwa. Ndipo akasikia jina lake likiitwa kutoka jikoni, kwa sauti ya chini.

Jiko halikuwa limewashwa. Bibi alikuwa amesimama, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Kazime."

"Bibi, ndiyo kwanza…"

"Kazime. Mwambie umeme umekatika."

"Feni inazunguka, ataona. Unaona haya gani? Umecheza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi…"

"Pale ngazini hakuna anayecheza," Bibi alisema.

Sebuleni kaka mtu alikuwa akicheka kile kicheko chake cha filamu, kizito, na dada yake akicheka pamoja naye.

Bibi alisema maneno machache, akiyatoa kama mtu atoaye miiba. Wenzao walikwenda kula. Babu alibaki kupima taa, akamwomba yeye na yule mwanaume wasimame ngazini, na kamera ikawa inazunguka kwa ajili ya hiyo taa tu. Yule mwanaume alikuwa na tabia. Tangu siku ya kwanza alikuwa akimshika mkono pasipohitajika kushikwa, na kwingine pia, nyuma ya mapazia, na mwongozaji alipoambiwa alicheka akasema inaongeza joto kwenye picha. Siku ile, juu ya ngazi, mgongo wa mwanaume ukiwa kwa kamera, alimnong'oneza jambo ambalo Bibi hakulirudia. Kisha akageuka kushuka, akayumba, akanyosha mkono uleule.

"Mkono wangu ulirudi wenyewe. Nimeuuliza miaka yote hii. Haujanijibu."

"Na Babu?"

"Aliona. Yeye si alikuwa kwenye jicho la kamera? Hakuniuliza mpaka anaingia kaburini. Alimwambia mwongozaji ni kipande cha asubuhi, maana bila kuanguka kule hakuna filamu, na watu wote wale walikuwa na watoto. Kisha akaenda maabara na miguu yake akawaambia, ngazi ile iwe nyeusi. Wakamwambia imetosha. Akasema bado." Bibi akashusha pumzi. "Wakampa tuzo kwa kiza kile. Aliiweka chini ya kitanda."

Chekeche alikuwa amekishika kiti. Alikuwa anaona mkwaruzo mmoja mrefu, mweupe, uliomsumbua karibu siku nzima. Ulipita juu ya miguu ya yule mwanaume. Aliufuta kwa uvumilivu, akajisifu jinsi kiatu kilivyong'aa baada yake: ncha nyeupe, kisigino cheusi. Viatu vilivyofika getini saa ya chakula.

"Atavijua," alisema.

"Ndiyo maana nakwambia kazime."

"Nikizima leo, kesho ataiona kwa wanawe. Kesho kutwa ataiona dukani." Akakiachia kiti. "Bibi, mwambie mwenyewe. Kabla picha haijamwambia."

Bibi akajifuta mikono ambayo haikuwa na maji, akatoka.

Chekeche akamfuata hadi mlangoni, penye swichi ya ukutani inayolisha televisheni. Akaiwekea kidole. Bibi alikwenda akasimama kati ya rafiki yake na kioo.

"Shoga."

"Sogea, unanizibia. Wewe si kioo."

"Nataka kukwambia jambo."

"Ngoja ngazi ipite, shoga wangu. Ndipo hapo."

Neno moja tu lingetosha. Bibi alifumbua mdomo, akaufumba. Kisha akasogea, akakaa kwenye kochi la pembeni, magoti pamoja, na macho yake yakamtafuta mjukuu wake. Hayakuhitaji mkalimani. Chekeche alimtazama Bi Shoga: shingo imenyoshwa, dole gumba la mkono wa kulia likisugua kidole cha shahada, bila mwenyewe kujua, kama linavyosugua soli. Miaka yote hiyo. Akautoa mkono kwenye swichi.

Ngazi ikaja, nyeupe na wazi kama mchana. Ukelele. Vishindo. Kofia ikabingirika.

Filamu iliendelea kidogo, polisi wakafika na makoti yao, ndipo Bi Shoga aliponyosha mkono bila kugeuka.

"Nipe hiyo rimoti, mjukuu wangu. Kitufe cha kurudisha ni kipi?"

Hakusema mke mwenzangu. Chekeche akamwonyesha cha kurudisha na cha kusimamisha. Bi Shoga akarudisha, akasimamisha, akainama.

"Viatu vyangu," alisema.

Feni ilizunguka.

"Havikuteleza. Tazameni. Kisigino kimenasa kwenye zulia. Zulia limechanika, hapa." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya hospitali. Akavuta pumzi ndefu, ikatoka kwa vipande. "Soli haijateleza hata kidogo. Jamani. Ilikuwa soli nzuri."

"Shoga…" Bibi alianza.

"Subiri." Akaiachia picha ikaenda. Akasimamisha. Akarudisha. Akaiachia tena. Mkono ulinyoshwa, mkono ukarudi nyuma. Mkono ulinyoshwa, mkono ukarudi nyuma. Alijifunza vile vitufe haraka sana.

"Uliniambia ulikuwa chumba cha kuvalia."

"Nilikwambia."

"Na huu mkono ni wa nani?"

"Wangu."

Bi Shoga akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza saa akajibiwa. Kwenye kioo kaka yake alikuwa amesimama hewani, uso safi, hana vumbi, hana mkwaruzo, na kovu lake la upawa.

"Alikukosea nini?"

Chekeche alisubiri. Jibu lilikuwepo, alikuwa amelisikia jikoni, na lilikuwa la kweli. Bibi aliutazama uso ule wa kwenye kioo, akautazama uso wa dada yake, ambao ulikuwa na kidevu kilekile.

"Hakunikosea kitu," alisema.

Chekeche alitaka kusema. Bibi akamkata jicho, jicho moja tu, la tangu utotoni mwake, naye akanyamaza.

"Basi nitolee hiyo diski," Bi Shoga alisema akiinuka. "Wanangu wanarudi kazini muda si mrefu. Na nitampigia simu mtoto wa marehemu, aje. Hakupata kumwona baba yake vizuri." Akapokea diski kwa mikono miwili. Akauchukua mto wake, akaukung'uta, ingawa haukuwa na kitu. Hakuaga. Alipotoka akauvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikalia, na chumba kikawa na giza la mchana ambalo Chekeche hakuwahi kuliona humo.

"Kwa nini hukumwambia?" aliuliza. "Ungemwambia alivyokuwa, angeelewa. Ni mwanamke pia."

"Viatu vimemtoka leo," Bibi alisema. "Nimvishe nini kingine?"

Hawakuwasha taa. Jua lilishuka, na baada ya kitambo wakasikia mageti, salamu za wanaume, viti vikiburutwa nyumba ya pili. Kisha muziki wa mvua ukapita ukutani, umepungua nguvu, kama wa redio iliyofunikwa blanketi. Bi Shoga hakuwaanzishia wanawe mwanzo wa filamu. Aliwapeleka ngazini moja kwa moja. Ukelele, vishindo, kimya. Ukelele, vishindo, kimya. Mara ya tatu sauti ya mwanaume ikasema jambo fupi, na nyingine, nzito na changa kidogo, ikauliza swali. Simu ya Chekeche ilikuwa inawaka mkobani: Mpima Mwanga. Hakuipokea.

Bibi aliingia chumbani mwake, akatoka amevaa gauni lake la kutokea, nywele amezichana. Akakaa kwenye kochi akiutazama mlango. Upande wa pili muziki ulikatwa katikati. Viti vikarudi nyuma, vingi kwa pamoja.

"Kafungue mlango," alisema.

"Hakuna aliyebisha, Bibi."

"Kafungue kabla hawajabisha. Shoga yangu hajawahi kubisha hapa."

Nje, hatua zilikuwa zimeshafika kwenye changarawe. Chekeche akauvuta mlango ukafunguka wote, akausukuma mpaka ukagusa ukuta, akasimama kando.